Mbwa Mmoja, Hai

Alhamisi asubuhi Kufuli hakuinuka. Nilimpita mara mbili na ndoo ya maji nikidhani amepitiwa na usingizi. Mara ya tatu nikamsukuma kidogo kwa mguu, akanitazama bila kuinua kichwa. Huyu ni mbwa ambaye ukigusa tu mfuniko wa sufuria tayari yuko miguuni pako. Nikachuchumaa, nikamfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe kama chaki.

"Karani!" niliita. "Huyu mbwa amekula nini?"

Karani ni binti yangu, ana miaka tisa. Jina alibandikwa na mlinzi wa geti kwa sababu daftari halimtoki mkononi, anaandika mpaka rangi za malori yanayoingia. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo kazi yake ilikuwa moja tu, kukaa uani na mbwa.

"Wali wa jana," alisema.

"Na nini?"

Akatazama ukuta.

"Karani, sijauliza ukuta."

"Mama, ulisema asile panya."

"Nilisema. Amekula?"

Alikwenda ndani akaleta daftari, akanipa likiwa limefunguliwa ukurasa wenyewe. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. *Jumamosi, panya wawili. Jumapili, panya wanne, hawakukimbia. Jumatatu, panya watatu, mmoja tumbo lake ndani ni la buluu. Jumanne, hakuna.*

Nilisoma lile neno, buluu, mara mbili. Sumu niliyoiweka ghalani ilikuwa ya vipande vya buluu. Niliiweka mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiwa nimevaa glavu.

Nieleze tulivyokuwa tunaishi, maana bila hivyo mtu ataniuliza kwa nini sikumbeba mbwa nikaondoka.

Mimi ni mtunza ghala. Nina stashahada ya ugavi na miaka kumi na mmoja kazini. Ghala letu ni la mbegu: mahindi, maharage, alizeti. Kazi hii inakuja na vyumba viwili vilivyojengwa kwa kuegemezwa kwenye ukuta wa ghala, pamoja na jiko na kiuani cha hatua sita kwa nne. Uani huo hauna mlango wa nje. Ukitaka kutoka unapita jikoni, unaingia kwenye kiwanja cha ghala, unakwenda mpaka getini. Ukuta wa kiwanja ni mrefu na juu umepandwa vipande vya chupa. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa, akiondoka ni wiki tatu. Kwa hiyo nyumbani ni mimi, Karani, na Kufuli, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu akishika kitu hakiachii.

Panya alikuwa anawashika tangu akiwa mdogo. Mwanzoni nilifurahi, ghala la mbegu bila panya ni raha ya mtu. Halafu mwaka jana akakonda, mbavu zikahesabika, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari ni mwanamke mwenye sauti ya kuuza samaki, ofisi yake imebanwa kati ya duka la vifaa vya ujenzi na kinyozi. Alimpa Kufuli dawa ya minyoo, akanigeukia mimi.

"Dada, panya si nyama. Panya ni gunia. Mbwa akimmeza, amemeza na vyote vilivyomo. Kuna minyoo, kuna homa ya mkojo wa panya ambayo mbwa anaweza kuileta mpaka kitandani kwako, na kama kuna jirani ameweka sumu, hiyo nayo inaingia humo humo. Mfunge."

Nikampiga marufuku. Karani alilia siku mbili, mbwa alinuna wiki nzima.

Sasa mwezi huu meneja akatuletea habari ya cheti. Kuna mnunuzi mkubwa anataka mbegu zetu, lakini ghala lazima likaguliwe, na kanuni ya nne inasema mnyama yeyote haruhusiwi ndani ya uzio. Meneja aliniita ofisini.

"Mama Karani, yule mbwa."

"Nimeelewa, bosi."

"Si kuelewa tu. Aondoke. Mkaguzi akimwona mbwa, cheti hakuna, na mimi sitakuwa na la kukutetea. Na vyumba vile ni vya mtunza ghala, si vya mtu mwingine."

Baada ya siku tatu aliniuliza, nikamwambia ameshaondoka. Nilimwambia huku namtazama usoni. Mbwa alikuwa uani, nyuma ya ukuta huo huo, na mlinzi wa geti alijua, maana kila jioni alikuwa ananipa mifupa kwenye mfuko akisema, "Mpelekee yule aliyeondoka." Mpango wangu ulikuwa mmoja: mkaguzi aje siku zake tatu, aondoke, kisha tuone.

Kanuni ya tano ilihusu panya. Matundu yote ya ukuta yazibwe, kisha sumu iwekwe kwenye visanduku vyenye namba, ghalani tu. Nikazunguka na tochi kwa siku mbili. Nilikuta matundu ishirini na matatu. Kila moja nililijaza nyaya za kusugulia sufuria nikalipiga saruji, nikaandika kwenye fomu, nikasaini chini. Jumatano ya wiki iliyopita nikaweka visanduku kumi na viwili. Kufuli nilimfungia uani, mbali na sumu. Nililala nikijipongeza.

Na sasa nilikuwa nimechuchumaa uani kwangu nikisoma daftari la mtoto.

"Walitokea wapi?" nilimuuliza.

Karani akanyoosha kidole pembeni, chini, kwenye kona ya ukuta wa ghala. Pale pana bomba la maji machafu. Tukiosha sakafu ya ghala, maji yanatokea hapo yanaingia kwenye mfereji wangu. Nimelifagia bomba lile miaka kumi na mmoja. Lakini fomu ya panya ina safu inayoitwa "matundu ya ukuta," na bomba halimo humo, liko kwenye fomu ya maji, ambayo si ya mwezi huu. Nilifuata fomu. Niliziba njia zote za kutokea panya waliokula sumu, nikawaachia moja, na mbele ya hiyo moja nikamfungia mbwa.

"Walikuwa wanatoka polepole," Karani alisema. "Wanakwenda kwenye bakuli lake la maji. Hata hakuwakimbiza, Mama. Walikuwa wanakuja wenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungempiga."

Kweli ningempiga.

Nilimpigia simu daktari. Nikamtajia jina la sumu kama lilivyoandikwa kwenye kopo.

"Hiyo inazuia damu kuganda," alisema. "Panya anakaa siku kadhaa kabla ya kufa, na wakati wote huo anazidi kuilundika mwilini. Mwangalie tumboni, chini ya nywele."

Nikamgeuza taratibu. Kwenye ngozi ya tumbo palikuwa na madoa ya zambarau, moja kubwa kama kiganja.

"Lipo doa?"

"Yapo."

"Basi anavuja kwa ndani. Nina vitamini K ya sindano, inamfaa, lakini nimchome sasa hivi, si jioni. Jioni utaniletea ngozi."

"Huwezi kuja wewe?"

"Niko peke yangu, nina ng'ombe njiani kuletwa. Na kwenu nasikia mgeni anaandikishwa getini kama anaingia ikulu. Mlete. Mbebe kama yai, usimbane, akibanwa popote patavuja."

Nikakata simu. Nikatoka jikoni kutazama geti.

Siku mbili za kwanza mkaguzi alikuwa ndani ya ghala na tochi yake, akitoa mbegu kwenye magunia kwa kijiko kirefu. Leo ilikuwa siku ya kupakia. Alikuwa ameweka meza na kiti chini ya kibanda cha mlinzi, ubavuni mwa geti, ili kila kinachotoka akione na kukilinganisha na kibali. Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, anayekunywa maji kwa mifundo midogo kana kwamba chupa si yake. Meneja alikuwa amesimama nyuma yake kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani wa mwanawe. Saa sita mchana cheti kingesainiwa. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Nilirudi ndani. Kufuli alikohoa, na pale kwenye sakafu pakabaki tone jekundu.

"Mama, atakufa?"

"Ngoja."

"Ngoja nini?"

Nilisimama katikati ya jiko nikageuka huku na huku kama kuku aliyeingia chumba kisicho chake. Mlango mmoja, kiwanja kimoja, geti moja. Nikitoka na mbwa, cheti kimekwenda, kazi imekwenda, vyumba vimekwenda, na baba yake atarudi kutoka safari kukuta tumeketi juu ya masanduku barabarani. Nikisubiri saa sita, mbwa amekwenda, na mtoto wangu atalikumbuka hilo hata akiwa na wajukuu.

Halafu nikakumbuka kwamba vibali vya geti naviandika mimi.

Kila asubuhi toroli la mbegu mbovu linatoka kwenda kutupwa. Gunia moja, mara nyingine mawili. Naandika kibali, mlinzi anasoma, toroli linapita. Kufuli ana kilo kumi na nane, gunia la mbegu mbovu linaweza kuwa na kilo hizo hizo. Nilichukua kitabu cha vibali, nikaandika tarehe. Bidhaa: *mbegu mbovu*. Idadi: *gunia 1*. Karani alikuwa amesimama begani kwangu anasoma.

"Utamtia kwenye gunia?"

"Kwa dakika tano tu."

"Daktari kasema asibanwe."

"Nimesikia alichosema."

"Sasa gunia halimbani?"

Nilimwangalia Kufuli. Pua yake ilikuwa imeanza kutoa damu, uzi mwembamba unaofika mdomoni. Nikafikiria lile toroli, gurudumu lake bovu, kokoto za kiwanja. Halafu nikatazama saini yangu chini ya kibali. Ilikuwa saini ile ile iliyokuwa chini ya fomu ya matundu. Ile fomu ilisema nimeziba kila kitu, na mimi niliiamini kwa sababu niliisaini mwenyewe.

Nikachana kibali kile, nikaandika kingine.

"Lete shuka la buluu," nilimwambia Karani. "Na daftari lako."

Tulitoka. Kiwanja kile kinachukua hatua themanini, nimekipima kwa kazi. Siku hiyo kilikuwa kirefu kuliko barabara anazopita mume wangu. Nilimbeba Kufuli kwa mikono miwili juu ya shuka, kichwa chake kikiwa kwenye kiwiko changu, na kibali nimekibana kwa meno. Wapakiaji waliacha magunia. Mmoja akasema, "Mama Karani, huyo si ameondoka?" mwenzake akamkanyaga mguu.

Meneja aliniona tukiwa katikati. Nilimwona anafumba macho, anafumbua, kana kwamba akirudia atakuta kitu kingine.

Mlinzi tunamwita Afande, ingawa hajawahi kuwa askari wa chochote. Tangu Jumanne mkaguzi alikuwa amemwamuru asome kila kibali kwa sauti. Alikichomoa kile changu mdomoni mwangu, akakohoa.

"Kibali cha geti. Bidhaa." Akaniangalia. Nikamwashiria kwa kidevu aendelee. "Bidhaa: mbwa. Idadi: mmoja. Uzito: kilo kumi na nane. Hali..." Akakisogeza karibu na macho. "Hali: hai."

"Soma vizuri," meneja alisema.

"Ndivyo kilivyo, bosi. Hai. Ila kwa kumwangalia ningeandika *nusu*." Akanigeukia. "Mama Karani, hii ni mbegu ya namna gani? Ukiipanda inabweka?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

"Uliniambia ameondoka," meneja alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilinichoma zaidi.

"Nilikudanganya, bosi."

Mkaguzi aliweka chupa yake chini, akainuka. "Huyu mnyama amekaa wapi?"

"Uani kwangu. Siku zote."

"Ana nini?"

"Amekula panya waliokula sumu ya ghalani. Tisa, kwa siku tatu." Karani akamfungulia daftari, mkaguzi akalisoma bila kulishika. "Walitokea kwenye bomba la maji machafu. Sikuliziba. Kwenye fomu yako nimesaini kwamba hakuna njia iliyobaki, na iko. Ukitaka kuiona ni nyuma ya jiko langu, mlango uko wazi."

Meneja aliketi kwenye kiti cha mkaguzi bila kukaribishwa.

Mkaguzi alimtazama mbwa, akatazama damu kwenye shuka. Nilidhani atauliza swali jingine, na nilikuwa nimeshajiandaa kupita hata kama geti limefungwa, sijui ningepitaje. Akamgeukia mlinzi.

"Kibali kimejazwa sawasawa?"

Afande akakigeuza. "Kimejazwa, mzee. Ila hapa chini. *Mzigo unarudi, haurudi.* Mama hajakata mojawapo."

"Nitakata nikijua," nilisema.

"Mzigo ulingane na kibali tu," mkaguzi alisema. "Unalingana. Utoke." Kisha akachukua tochi yake mezani, mchana kweupe, akaanza kutembea kuelekea jikoni kwangu.

Afande alifungua geti lote, mbawa mbili, kama anapitisha lori. Akamsimamisha mtu wa pikipiki kwa kumwita majina yasiyoandikika, akamwambia aendeshe kama amebeba mama yake mjamzito. Karani alikaa katikati, mimi nyuma na Kufuli mikononi. Kibali Afande alimpa Karani akishike, kirudi kikiwa kimejazwa.

Daktari hakutusalimia. Alinyoa kipande cha mguu wa mbele, akaweka dripu, akamchoma vitamini K chini ya ngozi kwa sindano nyembamba kuliko zote alizonazo. Alijaribu mshipa wa mguu mwingine kutoa damu ya kupima, akaichomoa sindano, na pale pakaanza kutiririka na hapakukoma.

"Weka dole gumba hapa," aliniambia. "Bonyeza. Usiinue kuangalia. Kila mtu huwa anainua kuangalia. Ukiinua tunaanza upya."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nikuambie."

Akaenda nje kwa ng'ombe wake.

Basi nikakaa pale. Chumba kilikuwa na dirisha moja lenye nondo, kalenda ya kampuni ya vyakula vya kuku, na joto. Kufuli alikuwa juu ya meza ya bati, Karani amemshika sikio. Dole langu lilikuwa kwenye mguu wake, na chini ya dole nilisikia mapigo, madogo, ya haraka. Simu ikaanza kuita kwenye mfuko wa sketi yangu. Sikuweza kuitoa. Ikaita mpaka ikakata, ikaita tena. Mfuko huo huo ulikuwa na funguo zote za ghala, nilitoka nazo kama ninavyotoka nazo kila siku, na kila nilipojisogeza zililia.

"Ni bosi," Karani alisema, akichungulia mfukoni.

"Mweke kwenye spika."

Akabonyeza. Meneja hakusalimia.

"Wamekuta panya wawili wazima kwenye lile bomba. Na kuna mwingine chini ya magunia ya alizeti. Cheti mpaka baada ya miezi sita." Nilisikia anavuta pumzi. "Nimeulizwa nani alinisainia. Nimetaja."

"Umetaja sawa."

"Mama Karani, miaka kumi na mmoja. Ungeniambia tu."

"Ungesema nini, bosi?"

Tulijua sote wawili.

"Funguo unazo wewe," alisema mwishowe. "Zilete. Mtunza ghala mwingine anaanza Jumatatu. Vyumba, mwisho wa mwezi." Kisha, polepole: "Mbwa vipi?"

"Bado sijaruhusiwa kuinua dole."

Akakata.

Karani hakulia. Alikuwa ameinama juu ya Kufuli, anamhesabia pumzi kwa midomo, na alikuwa amefika mia tatu na kitu. Bega langu liliwaka moto, kidole kikafa ganzi. Nilianza kupanga kichwani, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoiweza: kitanda kimoja kwa mama yangu, vyombo kwa shemeji, barua ya kazi kwa lile ghala la mbolea ng'ambo ya reli. Kila nilichopanga kilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango wenyewe mwembamba.

Daktari alirudi ananuka ng'ombe. "Inua."

Nikainua. Sote watatu tukatazama kile kitundu. Palikuwa na doa jeusi, kavu. Tukasubiri. Halikusogea. Daktari akamfunua Kufuli mdomo, akabonyeza ufizi, akaachia.

"Bado mweupe, lakini amebaki nasi," alisema. "Vidonge mwezi mzima, kila siku, usiruke hata moja. Na panya ni basi. Safari hii simwambii yeye, nakwambia wewe."

"Hakutakuwa na panya," nilisema. "Tunahama."

Kufuli aliutoa ulimi akalamba mkono wa Karani mara moja, kisha akachoka. Karani alifungua daftari, akakuta kibali kimo ndani, kimekunjika na kina doa la damu pembeni.

"Mama, hapa chini hujakata," alisema. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. "Afande atakidai. Nikate lipi?"

Vidole vyangu vilikuwa bado havijarudiwa na damu, nisingeweza kushika kalamu.

"Kata *unarudi*," nilimwambia.

Akalipiga mstari kwa rula.